Geti la Mtarakwa

Hoteli ninayolinda huku Al Barsha, Dubai, ina bustani kwa nyuma, na kila msimu wa baridi wanaigeuza shamba la kuchezea watoto. Huletwa mbuzi watatu, sungura na marobota ya nyasi kavu. Safari hii wakaongeza geti la mbao, mfano wa yale ya kwetu. Nilikuwa kwenye zamu mafundi walipochimbia nguzo asubuhi, na kufikia saa nane mchana walikuwa wanatundika geti. Nikamwambia msimamizi wao, "Sir, hiyo nguzo bado. Ukiibebesha geti leo, italala."

Akacheka. "Yalla, madam security, wewe angalia mlango. Wageni wanakuja kesho. Khalas."

Siku ya tatu geti lilikuwa limeinama, pembe yake inakwaruza nyasi za plastiki. Mtoto mmoja alilisukuma akashindwa. Nikaenda, nikaingiza mkono chini ya ubao wa pili, nikaliinua kidogo kwa nyonga, likafunguka. Sikufikiri hata kidogo. Mwenzangu wa zamu, Mganda mcheshi, akapiga makofi. "Banange, dada! Umelifungua kama la kwenu!"

Nilicheka naye. Halafu nikaenda kusimama nyuma ya marobota, nikawageukia mbuzi ili asinione uso.

Kwetu ni Kinangop, Kenya, rafiki yangu, kule ambako asubuhi umande huganda juu ya kabichi na ng'ombe hutoa moshi puani. Baba alikuwa mtu wa nguzo. Alichagua mtarakwa ulionyooka, akauambua gome, akaubabua mguu motoni mpaka ukawa mweusi, kisha akaupaka oili chafu ya gari ili mchwa wasiuguse. Harufu ile ya mtarakwa na oili iliingia kwenye masweta yetu ya shule na haikutoka kwa sabuni yoyote. Shimo lilimfika kiunoni. Alipanga mawe, akatia udongo, akashindilia, akapanga mengine. Akimaliza, anaiacha. Mvua ndefu nzima nguzo itasimama bila geti, wapita njia wanacheka, na yeye anasema, "Nguzo ya jana haibebi geti la leo."

Kila Jumapili kabla ya kanisa alitupanga sisi watoto watatu tuisukume kwa mabega.

"Imeshika?"

"Bado, baba, inacheza."

Basi tunakwenda kanisani tukinuka oili, na mama anaona haya kukaa nasi benchi moja.

Hizo zilikuwa nguzo za majirani. Ya kwetu aliichimbia mwisho, mwaka mmoja baada ya mama kututoka. Geti lilikuwa tayari, limeegemezwa ukutani mwa zizi. Tulikuwa tumeisukuma Jumapili mbili tu kifua kilipombana, na kabla ya Jumapili ya nne tulikuwa tumemzika. Tukabaki na nyanya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, niko darasa la saba. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na tisa, na kitinda mimba wetu, msichana, ana sita.

Siku ya tatu baada ya mazishi tuliamka tukakuta ng'ombe wa baba mdogo ndani ya nyasi zetu za nepia. Mwenyewe alikuwa amesimama pale penye pengo la geti, anachokonoa meno, wala hana haraka ya kuwatoa.

"Boma lisilo na geti ni njia," akasema. "Na hapa simwoni mwenye geti."

Kwetu hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Wazee wakiitwa kuamua ugomvi wa shamba, swali lao la kwanza lilikuwa: nani hufunga hapo jioni? Tungekosa jibu, tungegawanywa kwa jamaa, mmoja huku na mwingine kule, na ng'ombe wake wangekula hadi mlangoni.

Nyanya alisubiri aondoke. "Leteni geti," akasema.

"Nyanya, baba alisema tungoje mvua iishe."

"Baba yako alikuwa na muda."

Jirani alitupitishia keekee ya kutobolea mbao juu ya seng'enge bila kuingia kwetu. Hakutaka kugombana na mtu. Tuliweka geti juu ya mawe mpaka likawa sawa na nguzo, mdogo wangu amelikumbatia lisianguke, nami nikatoboa. Nyanya alikaa kwenye kigoda, misumari mapajani, anampa kitinda mimba mmoja mmoja aniletee. Bawaba ya chini niliielekeza pini juu, ya juu nikaielekeza pini chini, kama nilivyomwona baba akifanya, ili mtu asiweze kuling'oa kwa kuliinua. Viganja vilitoka malengelenge. Jioni lilifunguka na kufungwa kwa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo, na wadogo zangu walipanda juu yake wakabembea mpaka nyanya akawafokea. Tulikula viazi vya kuchoma na chumvi. Sijawahi kula viazi vitamu kama vile.

Asubuhi baba mdogo alikuja na ng'ombe wake, akasimama. Akaitikisa nguzo kwa mkono mmoja.

"Nguzo mbichi, fundi mbichi," akasema. "Tuache mvua iamue."

"Mvua ikiamua tutakuita," nyanya akamjibu. "Sasa rudisha ng'ombe."

Alirudi nao. Mvua nayo iliamua. Kabla ya mwezi kwisha nguzo ilikuwa imeegemea upande wa geti, na pembe ya chini ikaanza kuburuta. Nilishindilia mawe, nikaivuta kwa waya, haikusimama tena sawasawa. Sikuthubutu kuing'oa nianze upya, maana siku mbili bila geti zilimtosha baba mdogo. Kwa hiyo kila asubuhi niliamka wa kwanza, nikaliinua kwa nyonga, nikawatoa wadogo zangu na vitabu vyao, nikalisubiri gari la maziwa, nikafunga. Jioni vivyo hivyo. Mwalimu wangu alipita mara moja kuuliza nitarudi lini darasani. Nilimwambia, nguzo ikishika. Akatikisa kichwa akaenda zake, na hakupita tena.

Miaka ilivyokwenda, geti lilichimba alama ardhini, upinde mzuri kama uliochorwa kwa bikari. Wakati wa mvua ulijaa maji na vifaranga wakanywa humo. Niliuchukia upinde ule nilipokuwa mdogo. Nilipokuja Dubai mwaka wa 2012, ili kitinda mimba aingie chuo, ndicho kitu cha mwisho nilichokikanyaga kwetu.

Nyanya alikufa nikiwa huku. Madam wa kampuni alisema ruhusa hakuna mpaka mkataba uishe. Na mwezi uliopita mdogo wangu wa kiume alinipigia simu ya video kutoka Nairobi. Alianza kwa kuulizia joto la huku, nikajua kuna jambo.

"Dada, usikasirike. Tumemwachia baba mdogo shamba. Tumeshatia sahihi, mimi na kitinda mimba wetu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Hakuna anayeishi pale, dada. Geti lenyewe lilishaanguka. Na wewe unarudi lini? Kila mwaka ni inshallah."

Sikumlaumu. Mtoto aliyesomeshwa mjini hukaa mjini. Ndiyo sababu tuliwasomesha. Nilimuuliza tu kama alipita kuangalia. Alisema amepita, kumelimwa hadi barabarani, kumepandwa viazi. Nikauliza nguzo. Ilipasuliwa kuni. Mtarakwa unawaka vizuri.

"Na ule upinde?" nikamuuliza. "Ule wa pale getini, nao wameulima?"

Alikunja uso kwenye kioo cha simu, akanitazama kama mtu anayejitahidi kukumbuka kwa heshima.

"Upinde gani, dada?"

Nikaona hanidanganyi. Asubuhi zote zile, kila alipofika pale, geti lilikuwa limeshafunguliwa.