Damu Iliyotikiswa Njia Nzima

Daktari alijua Kiswahili, baba alijua Kimaasai, na katikati nilikaa mimi na darasa langu la saba. Enzi hizo nilikuwa kijana wa kuota tu, kila siku najiona nikishusha watalii kwenye kreta ya wanyama kwa Landrova. Siku ile hospitalini Karatu nilifurahi hata kuitwa mkalimani. Furaha yenyewe haikudumu.

"Mwambie mzee," daktari alisema, "kansa ya tezi dume tulishaijua. Damu tuliipeleka ipimwe kama kansa hii imetulia au ni kali. Ile tezi hutoa protini. Ikizidi sana kwenye damu, ugonjwa umeshatoka nje, umeingia mifupani. Ya mzee imezidi mno. Itabidi tumtoe korodani zote mbili, maana ndizo zinazoulisha."

Kwetu mtoto hatamki kitu hicho mbele ya baba yake. Na huyu baba ndiye aliyekuwa akiitwa kila boma kuhasi madume ya ng'ombe! Nikatazama sakafu. "Baba, wanataka kukufanya vile wewe unavyofanya madume."

Baba akasema polepole, "Waulize, dume lenyewe limevunja zizi la nani?"

Sikuweza kucheka.

Baba akamgeukia baba mdogo aliyesimama mlangoni. Huyo ndiye aliyeipeleka damu hospitali kubwa kwa lori la mahindi, maana mwaka ule petroli iliadimika na gari la hospitali lilikuwa juu ya mawe.

"Wewe, una hakika ulifikisha damu yangu, si ya mbuzi?"

"Yako!" baba mdogo akawaka. "Niliilea kama mtoto. Niliitikisa kutoka hapa mpaka kule, mkono ukichoka nahamishia mwingine. Haikuganda hata tone!"

Alisema kwa moyo safi kabisa. Sisi damu ya ng'ombe tunaikinga kwenye kibuyu na kuitikisa papo hapo. Ikiganda hainyweki, na aliyezembea atasemwa mpaka achoke. Hospitalini alikatazwa kufungua chupa, akakatazwa kuiweka juani. Kutikisa hakuna aliyemkataza.

"Wanasemaje?" daktari akauliza. Nikatafsiri. Kalamu ikamdondoka.

"Aliitikisa? Njia nzima?" Akajishika kichwa. "Kijana, damu ikisukwasukwa hivyo chembe zake zinapasuka, zinamwaga protini yake inayofanana na ile ya tezi. Kipimo hakiwezi kutofautisha. Na mimi nilishapanga kumpasua kesho!"

Kesho! Nikakaa chini pale pale kwenye saruji. Baba mdogo alikuwa bado anatabasamu, anasubiri kusifiwa.

Damu ikatolewa upya. Safari hii akaibeba nesi, chupa imetulia kwenye barafu, na baba mdogo akazuiwa hata kuligusa lori. Majibu yakarudi: protini ni kidogo, ugonjwa haujatoka kwenye tezi. Daktari akaikwangua tezi kwa ndani tu ili mkojo upite, akamwambia mzee awe anarudi kuangaliwa.

Mvua zilipokwisha, madume yakakusanywa. Baba akalishika koleo la kuhasia, akaligeuza geuza, akampa mdogo wake. "Wewe si una mikono isiyochoka?" Akaenda kusimama mbali, zizi amelipa mgongo.

Jioni nikaona dume moja jekundu limeachwa. Nikamuuliza baba kulikoni.

"Hilo," akasema, "majibu yake hayajarudi."