Sahani ya Tano

Nawaambia nyinyi tu, maana ofisini sijathubutu kulisema hili.

Tomek, Mpolandi ninayefanya naye kazi, alinialika kwake Matrah mkesha wa Krismasi. Nilikuwa nikimrudisha mama yangu kwake Sib, nikaona nipitie dakika kumi tu. Nikamwambia mama tuingie sote, akakataa katakata. "Mie sikualikwa. Nnakungoja garini."

Ndani tulikuwa wanne: Tomek, mkewe Hanna, binti yao na mimi. Sahani zilikuwa tano. Nikajua kuna mgeni kachelewa, na kwetu mkono hautiwi chakulani mgeni hajafika. Hanna akanikaribisha nguru, nikasema asante, tungoje. Akanikaribisha tena, nikatabasamu kama bwana adabu. Kumbe na wao hawali mpaka mgeni wao aanze, na mgeni ni mimi! Tena, kwa mila yao ya mkesha huo, walishinda njaa wakingojea nyota ya kwanza, na nyota ilishatoka zamani. Tumbo la Tomek likanguruma.

"Bwana Nasser, hupendi samaki?" Hanna akauliza kwa unyonge.

"Namngojea mwenzenu," nikasema, nikaionyesha ile sahani.

Wakaangua kicheko. Siku hiyo Wapolandi humwekea sahani mgeni ambaye hakualikwa, asije akabisha hodi akakosa pa kukaa.

Nikashusha pumzi. "Basi mgeni huyo yumo garini kwangu."

Mama akaingia, akakaa, akaonja.

"Nguru mzuri, lakini mbona kapoa? Mlikuwa mnamngoja nani?"

Wote wakanitazama mimi.