Ernesta na Mbwa Aliyekataa Kizimba

Ernesta alijifungua mtoto wa kike, Yudith, mwaka ule kichaa cha mbwa kilipopanda kutoka Maore hadi Gonja, huko Upare. Serikali ya Mwingereza ikaamuru kila mbwa afungiwe nyumbani; atakayeonekana akizurura apigwe risasi. Basi nyumba ya mumewe, Tumainieli, ikawa na wafungwa watatu: mbwa wawili uani na mzazi chumbani.

Mzazi wa Kipare siku zile hakutoka. Alikaa ndani miezi mitatu karibu na moto, akilishwa mpaka mashavu yajae, jua lisimwone. Ilikuwa heshima, na wapo walioifurahia. Wifi yake Dina alisinzia miezi yake yote, akatoka amenawiri. Lakini Ernesta alikuwa mtu wa shamba na mifereji, na mwezi wa pili ulipoingia kuta zilianza kumkaba roho. Alilia mchana kutwa, na hakujua amwambie nani.

"Mbona mwenzio Dina alitulia?" mama mkwe wake, Koleta, alimwuliza kila alipoleta uji.

"Mimi si Dina, mama."

"Kunywa uji, mkamwana."

Kupitia ufa wa ukuta Ernesta alikiona kizimba cha miti ambacho mumewe aliwajengea mbwa. Walizaliwa tumbo moja, lakini tabia zao mbingu na ardhi. Mmoja, Sahau, aliingia, akajizungusha, akalala, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kula na kukoroma. Mwenzake, Tutaona, alihema, akatokwa na udenda, akaitafuna miti mpaka fizi zikavuja damu. Udenda na damu, mwaka wa kichaa! Majirani wakaanza kunong'ona. Tumainieli akakifunika kizimba kwa majani ya migomba, eti giza litamtuliza. Sahau akafurahia kivuli, na Tutaona akazidi kujigonga kichwa.

"Anataka kutuona watu," Ernesta alimwambia mumewe. "Mfunge kamba hapa mlangoni kwangu, atanyamaza."

"Mbwa mlangoni kwa mzazi?" Koleta alidakia. "Mnamtakia mjukuu wangu mkosi?"

Tumainieli, ambaye mbele ya mama yake hakuwa na ulimi, akaenda kuongeza miti.

Asubuhi moja, Tumainieli akiwa shambani, Tutaona aliivunja ile miti na kutoka. Bahati mbaya askari wa kukagua mbwa ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani, bunduki begani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Koleta aliyekuwa uani.

"Marahaba, baba."

"Huyo mwenye udenda ana kichaa. Sogea."

Ernesta alisikia bunduki ikikokiwa. Akamlaza mtoto kitandani, akachukua bakuli lake la uji, akafungua mlango. Jua lilimpiga usoni hata akayumba. Akapiga magoti kati ya bunduki na mbwa, akaweka bakuli chini, na Tutaona akaja kuulamba uji wa mzazi wote, mkia ukipepea.

"Mwenye kichaa, asiyeweza kumeza hata maji, anakunywa hivi?" Ernesta aliuliza.

Askari akatazama, akashusha bunduki. "Mfungeni kamba hapo mlangoni. Nikimkuta huru tena, sitauliza."

Wakamfunga palepale mlangoni, kwa kuwa Koleta hakuthubutu kumpinga mwenye bunduki. Tutaona akajikunja, akatulia kama hajawahi kuguna maishani mwake.

Koleta alisubiri askari apotelee mtelemkoni, ndipo akamshika mkamwana wake mkono.

"Jua limekuona kabla ya siku zako. Uzazi umeharibika. Tunaanza upya, mwezi wa kwanza."

"Mama, nakuomba. Sitaweza."

"Ingia."

Jioni Tumainieli alirudi, akampapasa mbwa kichwani, akamsikiliza mama yake, akasema sawa.

Mlango ukafungwa. Nje Tutaona alikuwa amelala fofofo, kamba shingoni. Ndani, Ernesta aliiuma khanga yake kwa nguvu zote, ili mama mkwe asimsikie akilia.