Nilivyoingia kwa Wakwe kwa Kutoboa Ua

Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikiwaambia watu kwamba siku ile nilipotea njia. Nimemwambia mume wangu, nimewaambia watoto, nimemwambia hata kasisi mmoja ambaye hakuwa ameniuliza kitu. Ni uongo. Nina digrii ya jiografia, na wakati ule nilikuwa nikiwafundisha wasichana wa kidato cha tatu kusoma ramani, kwa hiyo fikiria aibu ya mwalimu wa ramani kuzunguka Kisumu nzima akidai hakujua kaskazini iko upande gani. Nilikubali aibu hiyo kwa sababu ukweli ulikuwa mbaya zaidi: nilipita pale kwa makusudi, ili nijionyeshe.

Miaka ya sabini mwanzoni mimi na kaka yangu Ochieng tulikuwa na ugonjwa wa miradi. Kila Jumamosi lazima tuwe nje tukijenga au tukiharibu kitu. Tulifuga nyuki, wakatufukuza sisi na majirani. Tuliunda chelezo cha mapipa ya mafuta, tukakishusha ziwani pale Dunga mbele ya wavuvi waliokuwa wameacha kazi zao waje kutazama, kikaelea muda wa kutosha Ochieng kutoa hotuba fupi, kisha kikazama naye. Halafu akanunua pikipiki ya mtumba, nyepesi, yenye matairi ya meno, na huo ndio mradi pekee uliotushika, ila ulinishika mimi zaidi. Mwaka haukuisha kabla sijamshinda kuiendesha kwenye tope (anakubali mwenyewe, mkewe akiwa hayupo).

Wakati huo Bwana Njoroge, aliyekuwa akiuza vipuri mjini, alianzisha mashindano ya pikipiki porini kwa watu wa kawaida, makarani, mafundi na walimu. Mnaanzia uwanja wa Katito, mnashuka hadi ufukweni mwa ziwa, mnagongwa muhuri mkononi, mnakwenda hadi chini ya vilima, mnagongwa mwingine, mnarudi uwanjani. Kati ya muhuri na muhuri kila mtu alichagua njia yake. Nilijiandikisha kwa barua kama A. Odero, na siku yenyewe nikafika nimeshavaa helmeti. Bwana Njoroge hakuuliza ile A ni ya nini, nami sikumsumbua na habari ambazo hakuziomba.

Sasa, hapo ndipo penye shida. Nilikuwa nimechumbiwa na Owiti, ambaye siku hizo alikuwa kazini Nairobi, na kwao ni huko huko Nyakach, mwendo mfupi kutoka Katito. Mazungumzo ya wazee yalikuwa yamekwisha, imebaki ng'ombe kuletwa nyumbani kwetu Jumamosi iliyofuata. Wakwe hawakuwa wameniona ila kwenye picha, nimevaa joho la mahafali na uso wa mtu asiyejua tope. Na shangazi yangu alikuwa ameniketisha chini akanisomea sheria zote: usikanyage kwao kabla ng'ombe hawajafika, usile kwao, usinywe kwao hata maji, na siku utakayoingia utaingia langoni, umesindikizwa, umeinamisha kichwa. Neno moja likiharibika hapo, alisema, wazee watakaa upya, na wazee wakikaa upya unaweza kuzeeka unangoja.

Nilielewa vizuri sana. Tatizo la kusoma chuo kikuu ni kwamba ukipewa sheria unaanza kuipima mipaka yake. Baada ya muhuri wa pili nilikuwa wa kwanza, sikuona mtu mbele, pikipiki inaimba, na kulikuwa na njia mbili za kurudi, moja ya mchanga kando ya kijito na nyingine inayopita nyuma ya boma la Mzee Ogolla, baba yake Owiti. Nikajiambia kwamba mila imenikataza kuingia, haijasema lolote juu ya kupita nje. Nitapita, watasikia mlio, watageuka, watasema, "Yaye, yule kijana anajua!" nami nitacheka peke yangu ndani ya helmeti, na miaka ijayo, nikishakuwa na wajukuu, nitawaambia alikuwa nani.

Wenye kuijua ardhi ya tambarare ile watakuwa wameshaanza kucheka. Ule ni udongo mweusi, na ulikuwa umenyeshewa usiku kucha, na nilikuwa nimeufundisha darasani wiki hiyo hiyo, kwamba ukilowa hunata, huvimba, hushika chochote kinachoupita. Mimi ndiye niliyeuchora ubaoni! Ulijaa kwenye madigadi, miwani ikafunikwa, nikaisukuma juu ya paji la uso nione vizuri, na nilipofika usawa wa boma nikaona wazee watatu wameketi kivulini, nikafanya kosa la mwisho, nikavuta mafuta ili mlio uwe mkubwa zaidi. Gurudumu la nyuma likaenda Kisii, la mbele likaenda Kisumu, nami nikaenda moja kwa moja ndani ya ua wa minyaa.

Mnyaa ni mmea wa kujengea ua na una utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukikuingia jicho utamkumbuka kila mtu uliyemkosea. Nilipita ndani yake kwa uso. Nikatokea upande wa pili, katikati ya uwanja wa wakwe zangu, nimelala kifudifudi, pikipiki iko juu ya mguu wangu inaendelea kunguruma.

Nikasikia sauti ya mzee, "Kijana! Umekufa?"

Nilikuwa na mpango (macho yanawaka moto na bado nina mpango): nisiseme neno, nisivue helmeti, niinue pikipiki, nipotee. Lakini sikuona kitu. Nilipapasa nikitafuta usukani nikashika mguu wa mtu.

"Huyo amepata utomvu," ikasema sauti ya mama. "Leteni maziwa! Mtoeni hilo sufuria kichwani atapofuka!"

"Mmh-mmh," nikakataa.

"Mmh-mmh nini? Utabishana nami ukiwa kipofu?"

Helmeti ikavutwa, nywele zikamwagika. Kisha yule mama, kwa sauti ya chini, "Wazee, huyu ni msichana."

Lakini hakuacha kazi yake. Alinishika kidevu, akanimiminia maziwa machoni, mengi, baridi, kutoka kwenye kibuyu, na kwa kuwa nilikuwa nalia na mdomo uko wazi, nikayameza. Nikiyasikia yakishuka kooni nikamkumbuka shangazi. Nimeingia kwao, nimetoboa ua, nimevaa suruali, na sasa nimekunywa.

"Pole, nyathina, mwanangu," akasema. "Haya, wewe ni binti wa nani?"

Kwetu swali hilo halina pa kukimbilia. Unaweza kudanganya jina lako, lakini hutamkana baba yako huku umeshikwa kidevu na mama wa watu. Nikasema, "Mimi ni Akinyi, Mama. Binti wa Odero."

"Odero yupi?"

"Yule mnayempelekea ng'ombe."

Jicho moja lilikuwa limeanza kufunguka, nikaona kibuyu kimesimama hewani. Mzee Ogolla aliinuka, akanitazama, akalitazama lile tundu kwenye ua, akaketi tena. Aliyesema ni ndugu yake, Mzee Omolo, mtu mwembamba mwenye fimbo. "Hapa pana neno. Bibi harusi haingii kwa tundu. Safari ya Jumamosi isimame mpaka tukae."

Basi. Miezi minane ya mazungumzo, Owiti wangu Nairobi hajui chochote, na mimi nimeyamaliza yote kwa kutaka kusifiwa. Nilitaka ardhi inimeze, na kwa udongo ule ingeweza. Na hapo ndipo nikasikia, mbali, upande wa kijito, pikipiki nyingine.

Sijui mnaelewa. Nilikuwa nimekwisha kupoteza kila kitu ambacho aibu ingeweza kunilindia. Nikajifuta uso, nikavaa helmeti.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mama Owiti.

"Kumaliza, Mama. Nilikuwa wa kwanza."

Pikipiki niliinyanyua, nikaielekeza langoni, Mzee Omolo akainua fimbo. "Hapana! Akitokea langoni ni kama tumemkaribisha."

Nikaigeuza kuelekea tunduni. Mzee wa tatu, ambaye hakuwa amesema kitu, akasema, "Hapana! Akitokea pale ni kama amekuja kuiba, akaondoka."

"Basi atoke wapi, aruke?"

"Tuulizane kwanza. Marehemu baba alisema nini juu ya jambo kama hili?"

"Marehemu baba hakuwahi kuona jambo kama hili!"

Wakabishana. Nimesimama katikati, klachi mkononi, nikigeuzwa huku na huku kama ng'ombe mnadani, na ule mlio wa kijitoni ukatufikia, ukatupita, ukaendelea. Mama Owiti akaufuata kwa kichwa mpaka ukapotea. Kisha akaweka kibuyu chini, akajifunga leso kiunoni, akaja nyuma ya pikipiki.

"Wazee, nyinyi kaeni. Mashindano hayakai. Akinyi, piga kiki!"

Akasukuma mpaka nje ya lango. Tope lilimrukia kutoka kichwani hadi miguuni, nikamwona akiwa mweusi wote ila meno, anapiga kelele, "Kimbiza! Kimbiza!" Jamani, nimepewa digrii na mkono wa mtu mkubwa, sijawahi kujisikia vile.

Nilikimbiza. Jicho moja limefumba, nikiimba kitu nisichokijua, nikaingia uwanja wa Katito nyuma ya karani mmoja wa posta kwa umbali wa kama uzi wa kushonea. Wengi hawakufika kabisa, walivutwa na maksai jioni. Bwana Njoroge akaja na daftari lake. "Wa pili, Bwana Odero. Yuko wapi Bwana Odero?" Nikavua helmeti. Alinitazama, akalitazama daftari, akalitazama tena. "Aiii, Mwalimu!" akasema, maana binti yake alikuwa darasani kwangu. Uwanja ukalipuka. Akina mama wa sokoni waliacha samaki wao, wakanibeba mabegani, na Ochieng akawa anamwambia kila mtu kwamba pikipiki ni yake.

Lakini furaha ya uwanjani haimalizi maneno ya wazee. Jumapili kimya, Jumatatu kimya. Nilimwambia shangazi kwamba nilipotea njia, na huo ndio ukawa mwanzo wa uongo huu. Niliapa, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba sitavuta mafuta tena kwa ajili ya watazamaji. Jumatano, katikati ya somo, nikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ambako ndiko kulikuwa na simu pekee ya shule. Alinipa mkono wa simu kama mtu anayekabidhi mkate wa moto, kwa kuwa aliyepiga alikuwa anapaza sauti kana kwamba waya haupo.

"AKINYI?"

"Ndiyo, Baba." Nilimjua mara moja. Mzee Ogolla alikuwa ametembea hadi posta ya Katito.

"Wazee wamekaa. Tumekaa siku mbili. Mama Owiti naye amekaa, hatukumwita. Kuna jambo moja tumeshindwa kuelewana, nimetumwa nikuulize. Umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili, Baba."

"Aliyekushinda ni yule aliyepita tukiwa tunabishana juu ya lango?"

Nilimtazama mwalimu mkuu, ambaye alijifanya anasoma barua.

"Ni yeye, Baba."

Waya ulikwaruza. Nyuma yake nikasikia sauti ya mama ikisema, "Si niliwaambia?"

"Basi hilo ni kosa letu," akasema Mzee Ogolla. "Mwambie baba yako ng'ombe wanatoka hapa Ijumaa asubuhi. Na tumeongeza mmoja."