Ijumaa Thelathini na Moja

Wadau, kuna mzee alinibishia hodi kila Ijumaa, wiki thelathini na moja, nami nilikuwa nimeziba masikio. Sikujua hadi alipokwisha kuzikwa.

Mimi Najim, fundi kompyuta hapa Bagamoyo. Wakili Bwanausi alinipa kazi ya bekapu: kila Ijumaa watu wakiwa msikitini, mashine ya ofisi ijinakili yenyewe kwenye diski ya akiba.

Katibu wake, dada Shamsia, alikuwa amejaza taarabu mle. Diski ikawa inajaa fasta. Nikaweka sheria: faili lolote la sauti, ruka. Taarifa za vilivyorukwa nazo nikazizima, zisinisumbue kwenye simu.

"Umemuuliza wakili?" Shamsia akasema.

"Dada, wakili anajua nini kuhusu haya? Niachie mimi."

Mwezi wa nne umeme ulikatika, ukarudi na kishindo. Mashine ikaungua. Nikarudisha mikataba yote, nikajiona mwamba.

Wiki iliyofuata akaingia Ashatu, kavaa kaniki. Huyu kalelewa tangu mchanga na baba yangu mkubwa, Mzee Mtoro wa Mkange, ambaye hakuzaa. Tulikuwa tumemzika juzi. Na mtoto wa kulea harithi. Hupata kwa wasia tu, usiozidi theluthi ya mali.

"Shikamoo wakili. Nimefuata sauti ya baba."

Kumbe kiharusi kilimnyima mzee saini. Alitamka kwa mdomo kuwa nyumba, isiyozidi theluthi hiyo, ni ya Ashatu, wakili akarekodi, akahifadhi kwenye ile mashine. Mashahidi walikuwa wawili, wakili na Mzee Kitwana. Kitwana naye keshatangulia mbele ya haki.

Nikafungua orodha ya vilivyorukwa, iliyobaki kwenye diski ya akiba. "Wasia wa Mzee Mtoro: limerukwa." Mstari huohuo, Ijumaa thelathini na moja.

"Jina lipo," Ashatu akasema. "Sauti je?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Shahidi mmoja hakutosha. Nyumba ikaenda kwa mdogo wa marehemu, na huyo ni baba yangu mzazi.

Akanipigia simu, anacheka. "Mwanangu, kumbe una akili hivi! Umetuokolea nyumba."

"Baba, wallahi sikukusudia. Mrudishie mwenyewe."

"Najua, najua. Mbele za watu sema hivyohivyo."

Ashatu sasa kapanga chumba Lugoba. Salamu zangu haitikii, na simlaumu.

Ndugu zangu, kabla hujaamua kuwa kitu cha mtu hakina kazi, muulize mwenyewe. Mimi niliambiwa niulize, nikajibu kwa kiburi.