Kopo la Nerea

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Bi Saadiya wa Mkomani alisifiwa mno. Kwa miaka ishirini alikuwa akiwasinga maharusi wa Amu, akiwasugua ngozi kwa liwa, unga wa mti unaonukia, na hapakuwa na mwari aliyetoka mkononi mwake bila kung'aa. Mwaka ule wa tatu tangu bendera mpya kupandishwa, alipoitwa kwa Bwana Muhdhar kumshughulikia bintiye Mwanatumu, aliapa kimoyomoyo kwamba huyu atawapita wote. Badala ya kumsinga mara moja kwa siku akamsinga mara tatu, kwa liwa iliyosagwa jiweni na kukamuliwa ndimu.

"Yaniwasha, Bi Saadiya," Mwanatumu alilalamika siku ya pili.

"Vumilia, mwanangu. Uzuri hauji bure."

Siku ya sita, zikiwa zimesalia nne tu mwari atolewe nje akae mbele ya wanawake wa mji wamtazame, mikono na shingo vilikuwa vimepauka na kuchanikachanika. Kila akijikuna, magamba yalipukutika. Bi Esha, mamake, alipiga ukelele.

"Ni yule mgeni wa tini! Hakuleta mafuta yake ya kopo bure!"

Mgeni huyo alikuwa Nerea, mke wa mwalimu kutoka bara; yeye na mumewe walipanga chumba cha chini nyumbani humo. Juma lililopita alipanda ngazi na kopo la mafuta ya mgando, zawadi ya harusi. Bwana Muhdhar hakuuliza neno. Kuuliza hakukuwa desturi yake. Alituma ujumbe: kesho alasiri mwalimu na mkewe wawe wamehama.

Bi Saadiya alinyamaza. Tuseme kweli, aliogopa. Alijua kilichoiunguza ngozi ile, na alijua kwamba msingaji aliyemharibu mwari hapewi hata paka amwogeshe.

Aliloweza kulifanya alilifanya. Aliimwaga liwa, akazificha ndimu, akamwambia Bi Esha kwamba mwili unataka kupumzika. Akamwogesha Mwanatumu kwa maji ya mvua yenye uvuguvugu, bila sabuni, na kabla mwili haujakauka akampaka uto wa ufuta kwa kiganja, taratibu, bila kusugua. Akarudia usiku. Asubuhi magamba yalikuwa yamelainika. Lakini alasiri nayo ilikuwa ikija.

Baada ya adhuhuri alishuka kuteka maji, akamkuta Nerea anafunga godoro kwa kamba.

"Mama, nilikosea wapi?" Nerea aliuliza. "Nilimpa kama ningempa mdogo wangu."

Bi Saadiya aliiacha ndoo pale pale, akapanda ngazi, akaingia chumbani walimoketi Mwanatumu, Bi Esha na shangazi watatu. Akalichukua lile kopo rafuni, akalifungua mbele yao. Mafuta yalikuwa laini juu, hayana alama hata ya kidole.

"Tazamani kwa mato yenu. Hili halijaguswa. Aliyeguswa ni mwari, na mkono ni wangu. Nimemsinga kupita kiasi, na ndimu juu yake."

Mwanatumu aliinamisha uso.

"Toka," Bi Esha akasema.

"Natoka. Lakini msimsugue, wala msimtie sabuni. Uto, angali na maji mwilini."

Kopo akaondoka nalo, akamrudishia Nerea.

Siku ya kutolewa, vigelegele vilivuma hadi barabarani. Wanawake waliisifu ngozi ya Mwanatumu, wakauliza nani kamsinga, na Bi Esha akataja jina la mwingine. Bi Saadiya aliyasikia yote, maana alikuwa ameketi chini, kwenye mlango wa Nerea ambaye, baada ya ukweli kumfikia Bwana Muhdhar, hakuhama tena. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Nerea aliishika mikono ya Bi Saadiya. Miaka ishirini ya liwa na mawe ilikuwa imeipasua vidoleni, na hakuna aliyewahi kuitazama. Akachovya kidole koponi, akaanza kumpaka.

"Inauma, Mama?"

"Yauma," akasema Bi Saadiya. "Endelea."