Mara Elfu Mbili Mia Nane na Themanini

Wigati hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametunza seva katika ofisi moja ya serikali mjini Semarang. Mwaka fulani maji ya bahari yalipopanda yakaingia mpaka chini ya kabati la mitambo, wenzake walikimbilia ghorofani. Yeye akavua viatu, akakunja sketi, akaanza kuchomoa nyaya moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayechambua mchicha. Pale ofisini walimwita Bu Gati, yaani Mama Gati, na jambo likiharibika swali la kwanza lilikuwa, "Bu Gati amekwishaambiwa?"

Kazi aliyopewa wiki ile haikuwa ya kutisha. Ofisi ilikuwa na mashine tisa zilizounganishwa zikawa klasta moja, na humo ndani programu za idara mbalimbali zilikaa kila moja kwenye kontena zake, yaani vyumba vyake vya ndani ya kompyuta, kama wapangaji wa nyumba moja. Na kama wapangaji, walikuwa hawaishi kugombana. Idara ya barabara ilidai imebanwa. Watu wa uvuvi wakasema waliobanwa ni wao. Nani anatumia nini, hakuna aliyejua. Mkuu wa ofisi, Bwana Hendarto, au Pak Hendarto kama walivyomwita, alichoka na barua zao, akamwita.

"Bu Gati, tia mita kila chumba. Nataka kila mtu aonekane anavyotumia."

"Na wakikataa, Pak?"

"Wakatae nini? Unaweka tu."

Akaweka. Jumatatu nzima alikuwa akipandikiza kihesabio kwenye kila mashine, programu ndogo ya kuangalia kila kontena linakula nguvu kiasi gani, linashika kumbukumbu kiasi gani, na linabishiwa hodi mara ngapi kwa siku. Kisha akafungua ghala la kutunzia vipimo. Jumanne asubuhi akakuta ghala limejaa pomoni na vihesabio vyote vimelala. Akalipanua. Vihesabio vikaamka, lakini saa zao zilikuwa zimerudi nyuma saa saba, maana vilifuata saa ya Greenwich, Uingereza.

Pramudita, mwenzake wa meza ya pili, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi, alichungulia skrini yake akapiga makofi.

"Tazama, Bu! Watu wa barabara wanaanza kazi saa saba usiku! Nami nilikuwa nawasema vibaya bure."

"Saa imekosewa, Pram. Ni saa mbili asubuhi hiyo."

"Usirekebishe. Waache wapate sifa mara moja maishani."

Alirekebisha. Kazi iliyobaki ilikuwa kubandika jina la mwenye mali kwenye kila programu, ili mita ijue inamhesabia nani. Huduma zilikuwa kumi na moja. Moja ilikuwa yake mwenyewe. Aliibandika jina lake mwisho kabisa, kwa furaha kidogo ambayo hakumwonyesha mtu.

Huduma hiyo iliitwa Jicho la Shamba. Aliijenga miaka mitatu nyuma, jioni baada ya kazi, kwa ajili ya wakulima wa vitunguu wa Brebes, alikozaliwa. Mkulima anafungua simu, anachagua tarafa yake, anaona kama viwavi wameonekana huko. Basi. Mwaka uliopita alipanda jukwaani mbele ya ukumbi mzima akapewa kibao cha kioo kwa sababu Jicho la Shamba lilitembelewa, kwa mwaka mmoja, mara milioni moja na elfu hamsini na moja na mia mbili. Tarakimu zilichongwa zote. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, akilia na kujifuta kwa ncha ya mtandio.

Ijumaa adhuhuri wanaume walikwenda msikitini. Ofisi ikabaki kimya, feni zikinguruma na mtu akipasha wali mahali fulani. Wigati alifungua kifurushi chake cha lumpia, vitafunio vya kukunja vyenye mboga ndani, akafungua na ripoti ya kwanza iliyokamilika, ya Jumatano na Alhamisi.

Grafu za kwanza za wenzake zilikuwa zinapanda asubuhi, zinashuka saa ya chakula, zinapanda tena, kisha zinaanguka jioni. Watu wa barabara kweli walikuwa wakila nguvu nyingi. Watu wa uvuvi walikuwa wakipiga kelele bure. Akatabasamu, akaziruka zilizobaki, akateremka mpaka mwisho, kwenye Jicho la Shamba.

Mstari ulikuwa umenyooka. Haukupanda wala haukushuka, asubuhi, mchana, wala usiku.

Mita imekosea, ndilo wazo lake la kwanza. Akaangalia hesabu ya hodi. Jumatano, elfu mbili mia nane na themanini. Alhamisi, elfu mbili mia nane na themanini. Hakuna hata moja iliyozidi wala kupungua.

Akaacha kutafuna.

Siku moja ina dakika elfu moja mia nne na arobaini. Alizijua kama anavyojua namba ya nyumba yake. Mara mbili kwa kila dakika. Na kila nusu dakika, nani anayebisha hodi pale? Alimjua. Alimweka yeye mwenyewe, siku ya kwanza kabisa: kiprogramu cha ulinzi, kinachouliza kila baada ya sekunde thelathini, "Uko hai?" na Jicho la Shamba likijibu, "Niko hai."

Akafungua kikokotoo. Elfu mbili mia nane na themanini, mara siku mia tatu sitini na tano. Alibonyeza, akaangalia, akafuta, akabonyeza upya. Milioni moja, elfu hamsini na moja, mia mbili. Kama ilivyochongwa kwenye kioo.

Aliinuka bila kujua anakwenda wapi, akakaa tena kwa kishindo, na kiti cha magurudumu kikarudi nyuma kikagonga kabati. Sauti ile ilimfanya aruke. Alitazama huku na huku kama mwizi.

"Hapana," alisema kwa sauti, peke yake. "Hapana, hapana."

Alipata nguvu ya kufanya jambo moja. Kumbukumbu za hodi zote za miaka mitatu zilikuwepo, hakuna aliyewahi kuzisoma. Akaziondoa hodi zote za mlinzi. Akaondoa na zile za majaribio yake mwenyewe, za mwaka wa kwanza. Zikabaki kumi na saba, zote za siku moja, siku ya uzinduzi, wakulima walipokusanywa ukumbini wakaambiwa watoe simu. Baada ya siku hiyo, hakuna mtu. Miaka mitatu, hakuna hata mmoja.

Pramudita aliporudi kutoka msikitini alimkuta amekaa vilevile, mafuta ya lumpia yakiwa yameganda kwenye karatasi.

"Bu? Kuna msiba?"

Akamgeuzia skrini. Pramudita alisoma, akahesabu kwa midomo, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na la kuchekesha. Alivuta kiti chake, akakaa kando yake, akasema tu, "Astaghfirullah."

Lakini lililomuuma Wigati zaidi halikuwa kibao. Lilikuwa mdogo wake, Tarjono. Tarjono analima vitunguu kijijini, nje kidogo ya Brebes, na kila Idi, kila arusi, dada yake alimuuliza, naye kila mara alijibu, akimwita Yu, yaani dada mkubwa: "Naitumia, Yu. Kila wiki."

Jumamosi alipanda treni. Hakumpigia simu kwanza. Alimkuta shambani, kati ya matuta marefu yenye mifereji ya maji, akiwa ameinama pamoja na mkewe Wartinah, wakipekua majani ya vitunguu jani kwa jani na kutumbukiza mayai ya viwavi kwenye chupa.

"Yu Gati!" Tarjono alinyanyuka, akafuta mikono kwenye suruali. "Mbona hukusema? Mama anaumwa?"

"Mama mzima. Jono, nionyeshe simu yako."

"Simu? Ya nini?"

"Nifungulie Jicho la Shamba."

Tarjono alicheka, kisha akaona uso wa dada yake, akaacha. Alimtazama mkewe. Wartinah aliendelea kupekua majani.

"Intaneti huku inasumbua," Tarjono alisema.

"Jono."

"Yu, jua kali hili. Twende nyumbani unywe chai kwanza."

"Hujawahi kuifungua."

Tarjono aliangalia chini. Maji ya mfereji yalikuwa yakipita kati yao.

"Niliifungua ile siku ya ukumbini," alisema hatimaye, chinichini.

"Miaka mitatu unaniambia kila wiki! Miaka mitatu, Jono! Nimesimama mbele ya watu nikasema mdogo wangu wa damu anaitumia. Nilikutaja jina!"

"Ungetaka niseme nini? Ulikuja hapa umekonda, hulali, macho yanang'aa. Mimi ndugu yako, Yu, si mkaguzi. Ukaniuliza inasaidia? Nikasema inasaidia. Ningekuvunja moyo wewe, uliyenilipia shule?"

Wigati aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Alilia pale pale kwenye tuta, huku viatu vya ofisini vikizama matopeni, na Tarjono akabaki ananyoosha mkono na kuurudisha, hajui amshike au amwache.

Wartinah ndiye aliyenyanyuka, chupa mkononi.

"Mwambie ukweli sasa, umeshachelewa kudanganya," alimwambia mumewe. Kisha akamgeukia wifi yake. "Yu, afisa kilimo anapita hapa Jumatatu. Anaandika. Ijumaa anapeleka. Nyinyi mnaweka Jumamosi. Onyo lako likifika, kiwavi ameshakuwa nondo, ameruka, amekwenda kutaga kwa jirani."

Wigati alimtazama kwa macho mekundu. Kicheko kilimtoka, kibaya, cha puani, na Wartinah naye akacheka, na Tarjono akapata nafasi ya kupumua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza mimi. Ulikuwa ukimwuliza huyu."

Walikunywa chai barazani, kwa vikombe vya udongo na sukari ya mawe, pamoja na mayai ya bata ya chumvi. Wigati hakula. Aliuliza maswali mpaka treni ya jioni ikakaribia, yote kwa Wartinah.

Jumatatu aliingia kwa Pak Hendarto na karatasi moja. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Uso ulimgeuka rangi.

"Nani mwingine ameona?"

"Pramudita."

"Hii…" Aliiweka karatasi kifudifudi mezani. "Bu Gati, sisi tulipeleka namba hii juu. Nilitia sahihi. Ni mtu gani analeta ushahidi dhidi yake mwenyewe? Ungenyamaza nani angejua?"

"Mimi ningejua, Pak. Naomba tuizime, na barua ya kusahihisha nitaiandika kwa jina langu."

Pak Hendarto alikuwa akitazama dirishani, na Wigati aliona wazo jingine likimjia, likimfika polepole, likimtoa jasho.

"Kihesabio cha wageni," alisema, "kile cha ripoti ya mwaka. Ni kimoja kwa huduma zote?"

"Kimoja, Pak."

"Zote kumi na moja?"

"Ndiyo, Pak."

Mkuu aliziba uso kwa viganja vyote viwili. Alipouachia alionekana amezeeka.

"Pima zote," alisema.

Ilichukua siku nne. Huduma tano kati ya kumi na moja zilikuwa hai kwa sababu tu mlinzi alikuwa akiziuliza kama ziko hai. Jicho la Shamba lilizimwa Alhamisi asubuhi, Wigati mwenyewe akibonyeza, na klasta haikutikisika hata kidogo. Barua mbili zilikwenda juu, moja yake na moja ya Pak Hendarto. Wigati alipewa onyo la maandishi, mkuu akahamishwa idara mwezi uliofuata.

Wenye zile huduma nne nyingine waliitwa mmoja mmoja kuja kujionea. Walipanda ngazi wakiwa wamevimba, wakidai mita imefungwa vibaya. Wigati hakubishana nao. Aliwafungulia ukurasa, akawaachia kipanya, akatoka nje ya chumba akafunga mlango taratibu, kwa sababu hakuna anayependa kutazamwa wakati ule. Bwana wa uvuvi alikaa humo nusu saa nzima. Alipotoka aliuliza choo kiko wapi, ilhali katika jengo lile alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili.